Maji ya kuoga Arusha baridi hii: gesi au umeme?

Sakina_Umeme: Hesabu fupi. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 40 inakula nusu yuniti na kidogo. Kwa LUKU ya 356 kwa yuniti ni kama shilingi 185. Ukiinjika sufuria kwenye jiko la gesi, nusu ya moto unapita pembeni: gramu 80 hivi. Mtungi wa kilo 15 ukiununua 57,000, hiyo ni 300 na ushee. Umeme umeshinda.

MamaNjiro: Umeshinda mpaka ukatike una povu kichwani.

Fundi_Mtungi: Mkuu, umechagua sufuria makusudi. Weka hita ya gesi ya ukutani, inayotumia kama asilimia 80 ya moto: gramu 50, shilingi 190. Sare hiyo.

Sakina_Umeme: Inataka presha, fundi. Simtanki juu ya mnara wa mita 3 inatoa baa 0.3, toa msuguano wa bomba la nusu inchi na kona zake, vali ya gesi haifunguki, hita haiwaki, mteja anaambiwa abadili betri. Halafu mnaifunga ndani ya bafu lisilo na dirisha! Monoksidi, ile hewa ya sumu ya moto, haina harufu.

Fundi_Mtungi: "Mnaifunga" nani? Hita inakaa ukuta wa nje, na mtungi nje. Ninyi shawa ya umeme ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, mnaichomeka kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5, ethi (waya wa usalama wa kwenda ardhini) hakuna. Sakiti breka ikikata mnaweka kubwa zaidi badala ya kuvuta waya wa 6. Waya unaiva kimyakimya darini.

Wa_Kiborloni: Chuga mnadeka tu. Huku Moshi tunaoga ya bomba. Ninyi kila kitu kuchemsha, mnadhani hata floridi, ile chumvi ya maji inayowatia meno rangi, inatoka.

MamaNjiro: Nani kakwambia? Tunachemsha kuua vijidudu. Floridi haitoki, na maji yakipungua kwa mvuke ndiyo inazidi kukolea. Dawa ni mkaa wa mifupa, kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floridi kinaufanyia kazi miaka mingi. Na kabla hujacheka meno yetu, pita Tindigani uone miguu ya watoto ilivyopinda kwa floridi. Huo si mkoa wenu?

Wa_Kiborloni: Tindigani ni wilaya ya Hai! Moshi mjini tunakunywa chemchemi, Nsere na Shiri. Usichanganye mambo, mama.

MamaNjiro: Mkoa ni mmoja, baba.

Kijenge_Juu: Samahani, mbona hamgusi D1, bei nafuu ya umeme ya wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi? Ukiwa humo yuniti ni 122, ile ndoo inashuka hadi 63 na gesi haisogei hapo. Ila watu wanne wakioga kila siku ni yuniti 60 na zaidi kwa mwezi. Ongeza friji, umevuka 75, na ya 76 bei yake inapanda zaidi ya mara tatu.

Wa_Kiborloni: Huo mkaa wa mifupa si unanuka?

MamaNjiro: Unanuka ukichomwa kwa moto mdogo, mafuta yanabaki ndani na maji yanapata ladha. Ukizidisha moto unakuwa mweupe, na mweupe hauchuji kitu. Chagua mweusi usio na harufu, uusuuze mpaka maji yatoke safi. Na usiuweke milele, unashiba floridi.

Fundi_Mtungi: Sakina, hujajibu la ethi.