Mwanamke Mkanaani na birika la chai

Swali, kutoka Kisauni
Wapendwa, Bwana asifiwe. Alhamisi iliyopita, jirani yetu anayeuza mahamri, ambaye si mshirika wa kanisa lolote, alifika katika ushirika wetu wa nyumbani akiomba tumwombee mtoto wake anayeugua. Aliketi kizingitini, tukamwombea. Lakini birika la chai lilipozungushwa lilimpita, na mzee mmoja akasema chai ile ni ya washirika. Somo letu, kumbe, lilikuwa Mathayo 15:21-28, habari ya mwanamke Mkanaani, mtu asiye Mwisraeli, aliyemsihi Yesu amponye binti yake. Ikiwa neema ni ya wote, mbona Yesu mwenyewe alimjibu yule Mkanaani kwa mfano wa mbwa, kwamba si vema kuwatupia mbwa chakula cha watoto?

Jibu
Dada, huku kwetu pwani neno hilo ni zito. Kigiriki kimetumia neno la udogo, yaani vijibwa vya nyumbani, si mbwa koko wa jaani, ingawa sidhani kwamba hilo linauondoa ukali wote. Mama yule hakubisha kwamba watoto hutangulia. Alionyesha tu kwamba chini ya meza ileile kuna makombo, akaondoka akisifiwa imani kubwa, ilhali sura moja nyuma Petro, mwanafunzi, ameambiwa imani yake ni haba.

Jibu
Ni kweli, ila neema nayo humdai mtu. Torati ilimzuia Mmoabu kuingia katika mkutano wa Bwana, na bado Ruthu Mmoabu akawa mama wa babu yake Daudi. Lakini alitangulia kukiri kwamba Mungu wa Naomi, mkwewe Mwisraeli, ndiye Mungu wake.

Jibu
Na Naamani, yule jemadari wa Shamu, je, mzee wangu? Alitakaswa ukoma, kisha akaomba radhi mapema kwamba akirejea Shamu atainama katika hekalu la mungu Rimoni pamoja na bwana wake, na nabii Elisha hakumwekea sharti, alimwambia aende kwa amani. Yesu alipowakumbusha watu wa Nazareti habari hiyo, walitaka kumtupa gengeni. Nasi wa Mombasa tuna Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Walioshushwa majahazini hawakudaiwa kwanza cheti cha ubatizo.

Muulizaji
Ahsanteni. Habari ya Naamani nitampelekea mzee wetu. Jana nilipita kwa yule mama. Alinifungia mahamri manne katika gazeti akakataa pesa, akisema tulimwombea mwanawe.