Naomba ushauri: daftari la misiba la mtaani kwetu limenitisha

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Pasua, Moshi. Juzi nilipitia daftari la rambirambi nikakuta misiba mingi ya karibuni ni ya watu wa miaka 40 hadi 60, na wafiwa wanasema kitu kimoja: alianguka ghafla, presha. Inaniuma, kwa sababu wengi hawakuwahi kupimwa. Presha inaweza kupita 140 kwa 90 na mtu asisikie maumivu yoyote. Wengine walipewa dawa, wakaacha walipojisikia nafuu.

Kulikuwa na mradi ulioanza 1992 wilayani Hai, Dar es Salaam na Morogoro. Wahojaji walifuata wafiwa nyumbani kuuliza dalili za marehemu, ili chanzo cha kifo kijulikane hata kwa aliyefia nyumbani. Natamani tufanye hivyo kwa udogo wetu.

Je, nianzie kwa mtendaji wa kata au kwa mganga mkuu wa manispaa? Na mfiwa nimuulizeje bila kumtonesha kidonda? Pia, aliyewahi kupima watu presha kwenye vikao vya kikundi, mlianzaje?