Presha ya macho (glakoma): kuna tiba ya asili inayosaidia kweli au mama aendelee tu na matone?

Kitindamimba_61
Habari zenu wakuu, naomba msaada na tafadhali msinibeze. Mama yangu ana miaka 61, mwaka jana kaonekana ana glakoma, hii wengi tunaiita presha ya macho, macho yote mawili ila la kushoto ndo limeumia zaidi. Siku anagundulika presha ilikuwa 33 kushoto na 29 kulia, sasa hivi anatumia latanoprost usiku na timolol asubuhi na jioni, kipimo cha mwisho kilisoma 19 na 17. Daktari alifurahi, mama hakufurahi. Anasema matone yanamwasha, macho mekundu kama katoka kulia, halafu kuona kwenyewe haoni zaidi ya zamani, sasa anauliza hii ni dawa gani mwaka mzima haiponyeshi. Juzi shangazi kamletea unga wa majani wa kunywa na kichupa cha matone ya mitishamba, kaambiwa miezi mitatu glakoma inaisha kabisa ila ya hospitali ayaache kwanza ili dawa zisigombane. Mimi nimepekua mtandaoni usiku kucha nimekuta ginkgo, vitamini B3, bangi, yoga, karoti, kila mtu anashuhudia. Sina ubaya na tiba asili, nimekua nazo. Nataka tu kujua lipi linasaidia kweli na lipi litamharibia.

Taa_ya_Jioni
Pole sana, na mama mpe pole zangu. Nakujibu kama mgonjwa, huu ni mwaka wa 14 nina glakoma. Hilo swali la mama na mimi niliuliza na hakuna aliyenijibu vizuri, ndo maana nikafanya nilichofanya. Matone hayarudishi kuona. Ule mshipa wa fahamu unaobeba picha kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo ukishakufa sehemu, sehemu hiyo imekwenda, kwa sasa hakuna dawa ya kuifufua iwe ya hospitali au ya porini. Kazi ya matone ni kushusha presha ili kilichobaki kibaki. Kwa hiyo dawa ikifanya kazi yake vizuri kabisa mgonjwa hasikii chochote, anaona vilevile kama jana, na hapo ndo tunapopotelea wengi.

Mimi niliacha miezi minane. Nilikuwa nakunywa mizizi ya kuchemsha kutwa mara mbili na kwa kweli nilijisikia vizuri, macho hayawashi, wekundu umeisha, nikawa natangaza nimepona. Hii glakoma ya kawaida haiumi jamani, inakula kuona taratibu kuanzia pembeni wewe huna habari. Niliporudi kupima nikawekwa kwenye ile mashine, unaegesha kidevu, jicho moja linafunikwa, unakazia macho kitaa cha katikati na kila ukiona kidoti cha mwanga unabonyeza kitufe. Nikakaa kimya muda mrefu, kidole kiko juu ya kitufe, mpaka nikamuuliza dada aliyekuwa ananipima mbona mashine imezima? Akasema haijazima, endelea. Nilitoka na karatasi ina weusi upande wa chini ambao kwenye ile ya mwaka wa nyuma haukuwepo. Mpaka leo nikishuka ngazi napapasa kwanza na mguu, maana ile ngazi ya mwisho siioni.

Sisemi mizizi ndo iliharibu jicho. Miezi minane bila matone ndo iliyoharibu.

NesiMacho
Nafanya kazi kliniki ya macho, ngoja niseme ninayoyajua, samahani ni marefu.

Kwanza hicho kichupa cha matone ya mitishamba kisiingie kwenye jicho la mama hata tone moja. Unga wa kunywa tunaweza kuujadili, aende nao kwa daktari wauangalie na dawa zake nyingine, lakini jicho halitaki kitu ambacho hakijatengenezwa kisafi, tunapokea watu wana vidonda kwenye kioo cha jicho kwa sababu ya matone ya namna hiyo na kidonda hicho kikipona kinaacha kovu. Halafu kuna jambo watu hawalijui, baadhi ya matone ya kupunguza wekundu na muwasho yana steroidi ndani (dawa kali za kutuliza uvimbe), na steroidi kwa baadhi ya watu inapandisha presha ya jicho. Yaani jicho linapoa, linang'aa, mgonjwa anashukuru, huku ndani presha inapanda.

Ginkgo: mwaka 2003 kulikuwa na utafiti mdogo Italia kwa watu wenye glakoma ambayo presha yao iko kawaida (ndiyo, ipo, mtu ana 15 na mshipa unakufa), wakaonekana kuona vizuri kidogo, ila utafiti mwingine uliofuata China mwaka 2014 haukupata matokeo hayo. Na ginkgo inaweza kuongeza kuvuja damu, kama mama anatumia aspirini au warfarini aseme kwanza. Vitamini B3, ile aina ya nikotinamaidi, hii ndo naifuatilia kwa matumaini ya kweli. Mwaka 2017 ilionekana kulinda mshipa wa jicho kwenye panya, na majaribio madogo kwa binadamu yameleta dalili nzuri. Lakini wale walipewa dozi kubwa mno kuliko ya vidonge vya kawaida na dozi hizo zinaweza kuumiza ini, kwa hiyo sio kitu cha kujinunulia na kujipimia mwenyewe.

Bangi ni kweli inashusha presha ya jicho, ilijulikana tangu mwaka 1971, tatizo inashusha kwa masaa matatu au manne tu na glakoma inafanya kazi masaa 24. Mtu atavuta mara sita mpaka nane kwa siku, usiku na mchana? Tena inashusha na presha ya mwili, damu inayofika kwenye ule mshipa inaweza kupungua. Karoti ale tu, ni chakula kizuri, presha haishuki kwa karoti. Mboga za majani mabichi ndo aongeze, watu waliofuatiliwa miaka mingi wanaozila kwa wingi walionekana kupata glakoma kidogo kuliko wenzao, ingawa hilo ni la kuzuia zaidi kuliko kutibu.

Kutembea haraka nusu saa karibu kila siku kunashusha presha kidogo, hilo namruhusu kwa mikono miwili kama moyo wake uko sawa. Yoga inategemea, kupumua na kunyoosha viungo sawa, ila yale mikao ya kichwa chini miguu juu hapana, presha ya jicho inaweza kupanda mara mbili palepale. Na kubeba vitu vizito huku kabana pumzi, na kunywa lita nzima ya maji kwa mkupuo, navyo hapana, maji anywe kidogokidogo. Kahawa inapandisha kidogo kwa muda, kikombe kimoja sio vita. Akilala ainue kichwa kidogo, na asilalie upande wa jicho lililoumia zaidi.

Sasa muwasho. Mama asivumilie na asiache, aseme! Mara nyingi kinachowasha ni kihifadhi kilichomo kwenye dawa, na yapo matone yasiyo na kihifadhi. Ipo pia tiba ya leza, mwanga maalumu unaopigwa ndani ya jicho, inachukua dakika chache, kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2019 karibu robo tatu ya walioanza na leza walikaa miaka mitatu bila kuhitaji matone. Sio kila glakoma inafaa lakini aulize. Swali langu, mama ana pumu au kifua kinabana? Timolol haitakiwi kwa mtu wa pumu.

Pumzi_Taratibu
Kuongezea kwa NesiMacho, kuna utafiti wa India watu walifanya taamuli kila siku huku wanaendelea na matone yao na presha ilishuka zaidi. Mimi nakaa kimya nusu saa alfajiri, napumua taratibu, mwaka wa tatu huu, nalala vizuri na hofu ya upofu imepungua. Matone sijaacha. Na wewe mwenye uzi ushapimwa? Watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wako kwenye hatari zaidi, na sisi Waafrika inatuanza mapema na kwa ukali zaidi. Usisubiri dalili.

Kitindamimba_61
Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti mama anasikiliza. Dada Taa, ulipofika kwenye ile mashine alinishika mkono, akasema na yeye siku ile alidhani imezima.

Nesi, pumu anayo tangu usichana, ila haijamsumbua miaka mingi akaona haina haja ya kuisema, na sasa hivi ndo ananiambia usiku siku hizi anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Sikuwahi kuunganisha hayo mambo. Nimepiga simu kliniki wakasema asiweke ya jioni ya leo, ile ya usiku aendelee nayo, kesho asubuhi twende, kikibana zaidi usiku tusisubiri kukuche. Nabeba vichupa vyote viwili na kile cha shangazi na unga wake, na mimi nimeandikisha jina langu nipimwe hapohapo.

NesiMacho
Vizuri sana. Kesho mwambie mama aweke tone mbele ya nesi waone anavyoweka. Tone moja tu, afumbe jicho, abonyeze kona ya ndani karibu na pua kama dakika mbili, dawa inabaki kwenye jicho badala ya kuteremka kooni. Utuletee majibu, yako na ya mama.