Chuma cha mkononi, na kidole gumba kinakwaruza

Mshonaji wa Wete: Asalaam alaykum. Nilikimbilia kuanua karafuu mvua ilipoanza, nikateleza nikaangukia kiganja. Mkono ukavunjika karibu na kifundo, nikapasuliwa na kuwekewa chuma upande wa kiganja. Mfupa umeshaunga, alhamdulillahi. Lakini kila nikikunja kidole gumba kushika sindano kuna kitu kinakwaruza ndani, na jioni panavimba. Nashona kofia za viua, gumba ndiyo riziki yangu. Jirani yangu yeye kawekewa mgongoni mwa mkono. Mie wangu umewekwa sipo?

Muuguzi, Unguja: Waalaykum salaam, dada. Upande wa kiganja si kosa, ndiko wapasuaji wengi wanakoweka siku hizi. Mfupa huko ni bapa, na upo msuli wa kufunika chuma. Mgongoni kano, yaani kamba zinazovuta vidole, zimelala juu ya mfupa wenyewe, ingawa mivunjiko mingine haishikiki ila kwa huko.

La kuuliza ni chuma kimefika wapi. Mfupa una ukingo kabla ya kiungo, na kano ya kukunja gumba inapita papo hapo. Chuma kikifika ukingoni, au kisipolala vizuri mfupani, kano inasuguliwa kila unapokunja, na inaweza kukatika. Omba eksirei ya mkono iliyopigwa kwa ubavuni. Tangu 2011 madaktari wana madaraja ya kupima jambo hili, yenye jina la mtafiti Soong: 0 chuma hakijatokeza kupita usawa wa ukingo, 1 kimetokeza kupita usawa huo kuelekea kiganjani lakini mwisho wake haujaufikia ukingo wenyewe, 2 kimeukalia au kuuvuka. Hiyo 2 ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Kijana wa Chake: Huku yupo bibi anachua kwa mafuta ya nazi, mkono unalainika kabisa.

Muuguzi, Unguja: Kaka, hapo pasichuliwe. Kano inayosagwa na chuma hailainiki kwa mafuta.

Mshonaji wa Wete: Ahsante. Ncha ya gumba inakunjika, ila nzito. Picha nnayo ni ya mbele tu.

Muuguzi, Unguja: Basi usingoje msimu uishe ndio ukapige ya ubavuni, na sindano uiweke kando kwanza. Laza kiganja juu ya meza, unyanyue gumba peke yake. Likigoma, mwambie daktari na hilo, huenda skrubu ndefu imetokeza mgongoni ikagusa kano ya huko. Mfupa ukishaunga, chuma kinaweza kutolewa. Kano ikishakatika, itabidi kupandikiza au kuhamisha kano nyingine, na mazoezi yake ni marefu.