Leo yule mtu kaniita "mali" mbele ya ofisi nzima, na mimi NIKACHEKA

Kofia Pana (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika vidole vinatetemeka, nikirukaruka mnivumilie.

Yule mtu. Simtaji na wala hakuna haja, mnamjua. Yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali penye watu zaidi ya watano amekaa naye. Yule wa miwani juu ya kichwa hata usiku. Yule mwenye kicheko cha mashine ya kusaga, akiwasha hicho kicheko hata walinzi getini wanajua mkubwa kafurahi. Yule ambaye akishamaliza kukuchana anakupiga bega, "Aah, tunataniana tu, sisi hapa ni familia." Huyo huyo.

Leo saa nane kasoro kikao kimeisha, zikaletwa sambusa. Mimi nimekaa upande wa ukutani, mbali na dirisha, maana jua la mchana linanichoma macho. Kaja na sambusa kaing'ata nusu, mdomo unang'aa mafuta, kaninyooshea ile nusu iliyobaki kama mwalimu anayeonyesha herufi ubaoni, kasema: "Jamani tunahangaika na bajeti ya nini, na mali hii hapa? Tukiiuza hii Jumatatu hakuna wa kurudi kazini!"

Wakacheka. Wote. Dada wa mapokezi, ambaye kila nikitoka likizo namletea karanga, alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka.

Narudia kwa sababu hapo ndipo panaponiua: NA MIMI NIKACHEKA. Kilitoka chenyewe, kicheko chembamba, cha mtu anayefinywa huku kaambiwa asilie. Sijakituma. Nimeshindwa kula ile sambusa yangu, nimeifunga kwenye tishu, nimefika nayo nyumbani ndani ya mkoba.

Kwa wageni humu: mimi ni mtu mwenye ualbino, nimezaliwa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2008, enzi tunauawa ili viungo vyetu viuzwe kwa ushirikina, nilikuwa darasa la tano. Baba yangu aliacha kulala. Panga chini ya kitanda, tochi mkononi, nikitaka kwenda chooni usiku ananisindikiza, ananigeuzia mgongo, anasubiri. Kuna watoto wa rika langu walipelekwa kulelewa Buhangija, Shinyanga, mbali na mama zao, kwa kuwa nyumbani hapakuwa salama tena. Sasa "mali" ni neno la wale watu. "Dili" ni neno lao. Ndivyo tulivyokuwa tunaitwa na watu waliokuwa wanatupigia hesabu za mikono na miguu. Leo mtu mzima, suruali imenyooka, analitafuna hilo neno pamoja na sambusa.

Na isingekuwa leo tu ningesema kateleza. Mwezi uliopita nimesogeza karatasi karibu na macho nisome, kauliza, "Unaisoma au unainusa?" Tangu siku hiyo taarifa yoyote ya kikao naikariri usiku kucha, ili siku ya siku niishike mbali kama wenzangu na kujifanya naisoma. Kurasa kumi na mbili, wakuu! Kabla ya hapo aliniuliza kwa sura ya mtu anayeuliza bei kama ni kweli sisi hatufi, huwa tunapotea. Nilimjibu kwa upole kwamba bibi yangu mdogo alikuwa na ualbino, alikufa, na tulimzika mchana watu wakiona. Akasema, "Basi usikasirike." Sikuwa nimekasirika!

Jioni natembea kwenda nyumbani, bodaboda akapunguza mwendo nyuma yangu. Anatafuta abiria, najua, mtaa ule naupita mwaka wa sita huu. Nikaingia duka la dawa nikasimama kuangalia sabuni mpaka akaondoka. Miaka mingapi nilikuwa sifanyi hivyo? Leo nimerudi darasa la tano kwa ajili ya sambusa ya mtu.

Sasa hivi naosha vyombo nasikia kile kicheko. Siyo chake. CHANGU.

Siti ya Mbele
Nimewahi kiti. Pole mkuu. Ila hujasema, sambusa zilikuwa za nyama au za viazi?

Kofia Pana
Za nyama. Na sijala. Umefurahi?

Mzee Kijiwe
Mleta uzi tuliza jazba. Ofisi bila utani ni mochwari. Mimi wananiita Kibyongo tangu mwaka 1998 na nimesomesha watoto wanne. Ukicheka umemaliza, huna tena cha kulalamika. Wewe mwenyewe unasema ulicheka.

Shangazi Kiboko
@Mzee Kijiwe, usituchanganyie mambo. Utani una watani! Mzaramo akimfuata Mnyamwezi msibani akalala kwenye kaburi akidai pesa, watu wanacheka kwa sababu kesho msiba ukihamia kwake atalaliwa yeye. Ni deni, linalipwa pande zote. Sasa huyu dada atamtania nini bosi wake? Amwambie "na wewe tukikuuza"? Nani amewahi kumwinda bosi kwa panga? Utani usiorudishika ni matusi yaliyovaa kofia.

Jino Moja
Zeruzeru mna hasira za karibu sana aisee. Nasema kwa upendo.

Shangazi Kiboko
Ni "mtu mwenye ualbino". Hilo neno lako rudi nalo kwenu. Na huo upendo uuchukue pia.

Jino Moja
Sasa mtu haruhusiwi hata kuongea Kiswahili cha babu zake?

Kofia Pana
@Mzee Kijiwe, umesoma nilivyocheka? Nimesema kilitoka CHENYEWE. Watu kumi na wanne wanakutazama, mkubwa wako kasimama juu yako anasubiri uso wako useme nini, sekunde mbili. Ungefanyaje? Nimeshajibu mara mia tangu saa nane. Kwenye daladala nilikuwa na jibu zuri mpaka konda akaniuliza naongea na nani.

Zamu ya Usiku
Dada pole sana. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, ngoja niseme kidogo.

Kucheka kule si kwamba uliridhika. Mwili ukiona huwezi kupigana na huwezi kukimbia, unatafuta namna ya kutoka chumbani salama, na mara nyingi namna hiyo ni kumpendeza anayekutisha. Wagonjwa wangu wengi wanajilaumu kwa hilo kuliko wanavyomlaumu aliyewafanyia. Unaona hata wewe, aya moja yake, tatu za kicheko chako.

Mwaka 1970 daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa Marekani, Chester Pierce, aliyekuwa Mmarekani mweusi mwenyewe, aliyapa jina haya mambo madogo madogo: mikroagresheni. Alichosisitiza ni kwamba jambo moja ukilitazama peke yake utaona si kitu, na ndiyo maana anayelalamika huonekana kichaa. Ubaya upo kwenye kulundikana. Leo karatasi, kesho "hamfi", keshokutwa "mali". Mwili hauna daftari la kuandika "hili dogo". Moyo unaenda mbio kila mara, misuli inakaza, usingizi unakatika, na akili inapewa kazi ya pili isiyo na mshahara, ya kuendesha kesi: alikusudia? nimezidisha? ningesema nini? Wanaoishi hivyo kwa miaka tunawapokea na sonona, wasiwasi, presha.

Na hizo kurasa kumi na mbili zisikupite hivi hivi. Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha kwamba wanafunzi weusi wa chuo walipoambiwa mtihani unapima akili zao walifanya vibaya kuliko walipoambiwa haupimi hilo. Mtihani ni ule ule. Kilichowala ni hofu ya kuthibitisha yale wanayosemwa. Wewe unalala saa nane za usiku ukikariri, unaingia kikaoni umechoka, ukikosea tarehe moja yeye anasema "niliwaambia".

Kofia Pana
Nimelia, Zamu ya Usiku. Nilikosea tarehe kweli. Mwezi wa tatu. Na alisema hivyo hivyo.

Nahodha Bila Jahazi
Mwalimu, somo limeisha au tupige kengele? Aya tatu za Wamarekani kwa sambusa moja.

Zamu ya Usiku
Siku ukishindwa kulala usiku wa tatu mfululizo utanitafuta, na nitakupokea bila kukuuliza jina la jahazi.

Fundi Redio
Nahodha ana utoto. Mimi nakumbuka Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alivyotokwa machozi bungeni akizungumzia mauaji haya. Tulikuwa dukani kwangu tunasikiliza, watu wote kimya, mpaka mteja akasahau chenji. Waziri Mkuu analia, halafu leo mtu anafanya kichekesho cha baada ya kikao. Huyo jamaa namjua, halafu ni mwongo kwenye kila kitu, hata umri.

Mpiga Muhuri
Dada, andika barua. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ubaguzi kazini unakatazwa. Weka tarehe, saa, mashahidi kumi na wanne. Peleka kwa mkuu wa utumishi.

Kofia Pana
Mkuu wa utumishi ndiye yeye.

Mpiga Muhuri
Duh.

Siti ya Mbele
Kumbe ni YULE! Ningejua mapema nisingeuliza habari za nyama. Dada nisamehe.

Kigugu
Niongeze langu maana uzi wenyewe upo hapa. Mimi nina kigugumizi. Kuna mtu kazini kila nikianza kuongea anaangalia saa. Hasemi neno! Anaangalia saa tu. Na wengine wananimalizia sentensi, halafu wanaimalizia vibaya. Jana nilitaka kusema "naomba ruhusa ya hospitali", mtu kanimalizia "naomba ruhusa ya harusi", wakanipongeza wote, nimeshindwa kukanusha. Kesho wanachanga.

Mzee Kijiwe
Chukua mchango, Kigugu.

Magurudumu Mawili
Nyinyi mnaongeleshwa angalau. Mimi natumia kiti cha magurudumu, nikienda mahali na mdogo wangu wanamuuliza yeye: "Anakunywa chai?" Nipo hapa! Nina miaka 41! Mdogo wangu anawajibu, "Muulize, anasikia," na bado wanamuuliza yeye tena kwa sauti ya chini, "Na sukari?" Mabosi wa sambusa mimi nawaota. Angalau wanakutazama usoni.

Kofia Pana
Magurudumu pole, lakini kutazamwa kule siyo zawadi. Ningelipa nisitazamwe.

Magurudumu Mawili
Sijasema ni zawadi. Nasema kila mtu na lake.

Pwani Halisi
Langu mimi ni "watu wa pwani wavivu". Ofisini nimekuwa wa kwanza kufika miaka mitatu. Siku moja, MOJA, nimechelewa dakika kumi, kulikuwa na maji barabarani, mtu kasema, "Pwani hiyo, mpeni jamvi." Tangu hapo nikipiga miayo kuna mtu anaguna. Nimeacha kupiga miayo kazini. Naenda kupiga chooni.

Zamu ya Usiku
Pwani, hilo la miayo liandike mahali, ndilo ninalolisema. Mtu anaanza kujilinda hata dhidi ya mwili wake.

Nahodha Bila Jahazi
Lakini pwani kweli mnapenda jamvi.

Pwani Halisi
Umeona? UMEONA?

Mzee Kijiwe
Turudi nyuma kidogo kwa Shangazi. Watani wa Wazaramo ni Wasukuma, siyo Wanyamwezi.

Shangazi Kiboko
Ni wote wawili, mzee wangu. Misafara ya zamani ya kutoka bara kwenda pwani ilipita na hao wote.

Mzee Kijiwe
Mimi nina mke Mzaramo. Wanyamwezi hawakuja hata kwenye msiba wa baba mkwe.

Fundi Redio
Labda hawakuambiwa.

Mzee Kijiwe
Mtani haambiwi! Mtani ananusa msiba anakuja!

Kofia Pana
Jamani. Jumatatu saa mbili asubuhi naingia ofisi ile ile, kiti kile kile cha ukutani. Nauliza tu, nifanye uso gani?

Shangazi Kiboko
Mwanangu, wako. Halafu nisikilize: usicheke. Akirudia, mtazame, nyamaza, hesabu mpaka tano. Ukimya wa watu kumi na watano hakuna anayeuweza. Na njoo faragha nikupe namba ya wakili, mtoto wa dada yangu.

Kofia Pana
Tano ni ndefu, shangazi.

Shangazi Kiboko
Basi tatu.

Kigugu
Wakuu samahani, kuna anayejua namna ya kurudisha mchango wa harusi bila watu kununa? Imeshafika laki moja na themanini.

Siti ya Mbele
Oa tu.

Mzee Kijiwe
@Fundi Redio, bado nakusubiri kwenye suala la Wanyamwezi.