Lori la CMP skeli 1/72 kwa mchezo wa Kabaw 1944: chasisi imepinda, vanishi inaweka utando mweupe

KijanaWaShangani (Mtwara)

Wakuu, habari za saa hizi.

Naunga Chevrolet C60L ya tani 3, lori la kijeshi la mtindo wa Kanada (CMP), modeli ya plastiki, skeli 1/72, yaani dogo mara 72 kuliko lori halisi. Ni ya mchezo wa vita wa mezani: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikishuka Bonde la Kabaw kule Burma, Agosti hadi Desemba 1944. Litashikwa na mikono mingi, kwa hiyo uimara kwanza, urembo baadaye.

Chasisi imekauka ikiwa imejipinda, gurudumu la nyuma kushoto linaelea na karatasi inapita chini yake. Halafu vanishi ya mati (isiyong'aa) ya kopo la kupuliza, niliyoijaribu kwenye kipande cha fremu, imeweka utando mweupe. Thinner ya duka la rangi za magari inafaa kuusafisha? Na rangi yenyewe ni kijani kipi? Vumbi jekundu la huku kwetu naweza kulitumia kwenye magurudumu? Nikimaliza, lori hilihili nilipeleke na kwenye mchezo wa Mahiwa, au nitachekwa?

MsasaLaini (Mikindani)

Mkuu, thinner ya magari iache kabisa. Inayeyusha plastiki ya modeli, mistari ya milango yote inapotea ndani ya sekunde chache. Utando mweupe una dawa yake, wa Lindi watakueleza. Mimi niseme chasisi.

Usilazimishe gurudumu lishuke, ekseli itakatika. Chovya chasisi kwenye maji yaliyotoka kuchemka muda huohuo, sekunde chache tu, itoe, ilaze juu ya kioo, ibane kwa kidole pembe nne, kisha mimina maji baridi ukiwa bado umeibana. Rudia mpaka karatasi igome chini ya magurudumu yote manne. Likibaki pengo dogo, lisilofika nusu milimita, sugua kwa msasa namba 400 chini ya yale matatu yanayogusa. Tairi lenye ubapa kidogo chini linapendeza zaidi, maana lori la tani 3 lina uzito wake.

Kwa lori lijalo: gundi ya ekseli ikiwa bado laini, weka magurudumu, simamisha chasisi juu ya kioo na uiache hapo usiku mzima. Chasisi nyingi hupindwa na mtu anayeinua kazi mapema ili atazame.

Uimara sasa. Vioo vya pembeni vya plastiki vitavunjika siku ya kwanza. Vikate, toboa tundu la milimita 0.4 na uchomeke uzi mmoja wa shaba kutoka waya laini wa umeme, kwa tone la supaglu. Chini ya sakafu ya bodi weka uzito ili lori lisipinduke likiguswa na mkono wa shati. Huku vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu, yaani risasi za nyavu, zinapatikana kirahisi, ila zishike kwa epoksi, usitumie gundi nyeupe ya mbao. Gundi ile ina asidi kidogo, na risasi ikifungiwa nayo kwenye unyevu hugeuka unga mweupe unaovimba, mpaka siku moja sakafu inapasuka. Nati ndogo za chuma zinafaa pia, zipake rangi kwanza zisishike kutu.

PwaniYaLindi (Lindi)

Utando ule ni unyevu. Kiyeyushi kinapovukiza kinapoza uso wa modeli, mvuke wa hewani unaganda juu yake na kunasa ndani ya vanishi. Kwa pwani yetu hiyo ni ajali ya asubuhi, ya jioni, na ya siku yoyote yenye mawingu mazito. Kipande chako kipake vanishi ya kung'aa kwa brashi, safu moja nyembamba, kiachie siku nzima, halafu rudia mati hewa ikiwa kavu. Mara nyingi weupe unapotea wote.

Puliza kati ya saa tano na saa tisa mchana, upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari, kwa sababu upepo ule unaleta chumvi na vumbi. Kopo liweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi. Vuguvugu tu, mkono uvumilie. Kopo la gesi na moto havikai pamoja. Modeli nayo iwe imekaa ndani ya boksi lenye balbu ya kizamani ya wati 40, mbali na plastiki, ili isiwe ya baridi kuliko hewa.

Ila ukikimbilia jua kali kupita kiasi utapata ubaya wa upande wa pili: rangi inakauka hewani kabla ya kufika, uso unakuwa wa chengachenga. Ukiona hivyo sogeza kopo, kutoka sentimita 25 hadi 15, na upite haraka.

Praima ya magari, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, inawezekana, lakini kwa ukungu mwembamba tu, safu tatu, dakika 15 katikati. Ukiloweka kwa safu moja nzito, kiyeyushi chake kinakula plastiki. Kabla ya hapo osha vipande kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ya kutolea kwenye kalibu.

MtuWaNyangao

Mahiwa hapana, ndugu yangu. Vita ile ni Oktoba 1917, Vita vya Kwanza, na lori lako ni la Vita vya Pili. Kule mzigo ulibebwa zaidi na vichwa vya wapagazi, kwa hiyo tengeneza wapagazi wengi, na ukitaka gari tafuta Ford Model T. Hapo ndipo mchezo wa Mahiwa unapata ukweli wake, na wapagazi wale wanastahili kuonekana mezani.

Kwa Kabaw uko sahihi, na ni heshima kubwa kuiweka mezani: batalioni za 26 na 36 za KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) zilizokuwa kwenye divisheni ile ni za Tanganyika. Rangi ni kijani cha msituni cha Waingereza, kizito, chenye ukahawia kwa mbali. Kwenye modeli ndogo kijani kizito huonekana cheusi, kwa hiyo changanya sehemu tisa za kijani na moja ya krimu. Nyeupe usitie, itakufanyia lori la chaki.

Angalia kebini. Ikiwa ni aina ya namba 13, kioo cha mbele kimeinama kinyume na tulivyozoea: ukingo wa juu uko mbele kuliko wa chini, ili mng'ao wa jua usionekane na ndege za adui. Jaribu bila gundi kwanza, wengi hukigeuza. Usukani uko kulia, kama magari yetu.

Vumbi jekundu liache. Agosti na Septemba kule ni masika ya kutisha, malori yalizama na chakula kikadondoshwa kwa ndege. Unataka matope. Chekecha udongo kwa kitambaa cha chandarua, ukaange kavu kwenye sufuria kuukuu dakika kumi ili usiote ukungu, kisha sehemu mbili za udongo kwa moja ya gundi nyeupe, na kahawia nyeusi kidogo. Usizidishe milimita 2 kwa safu, likikauka linanywea na kupasuka. Weka ndani ya mabawa ya magurudumu, kwenye ekseli, na nyuma ya magurudumu ya mbele ambako tope hurushwa. Mwisho gusa kwa vanishi ya kung'aa sehemu za chini tu, zionekane mbichi. Mchanga wa ufukweni usiuguse: chumvi yake inavuta maji na rangi inatoka malengelenge.

KijanaWaShangani (Mtwara)

Asanteni sana wakuu. Stika ya kichwa cha kifaru, alama ya divisheni, inabaki na ukingo wa fedha. Na turubai nataka livuliwe ili askari waonekane.

MsasaLaini (Mikindani)

Ule ufedha ni hewa iliyonasa juu ya rangi ya mati. Paka vanishi ya kung'aa mahali pa stika, subiri ikauke kabisa, weka stika juu ya tone la maji yenye siki nusu kwa nusu, kandamiza kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, toboa mapovu kwa ncha ya sindano. Mati mwisho, mara moja.

Turubai: pinda waya wa shaba matao matano juu ya bodi iliyofunikwa nailoni, tandaza tishu tabaka mbili zilizoloweshwa gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, acha zilegee kidogo kati ya matao. Likikauka linachomoka zima. Gundisha sumaku za milimita 3 kwa 1 kwenye kona nne, na kabla ya kugandisha weka alama ya wino upande unaovutana, maana ukigeuza moja tu turubai litaruka kila ukiliweka.