Ukoo wa Babu Fundi – Hitma ya Mwaka

*ALHAMISI*

Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum jamaa. Narudia kwa wale wanaosoma na kupita. Hitma ya Babu Fundi ni Jumapili ya wiki ijayo. Kwanza juzuu za Qur'ani. Halafu mchango. Halafu kila mtoto na kila mjukuu aandike kumbukumbu moja ya Babu, fupi, Mwanaidi atachapa, zisomwe baada ya dua kabla watu hawajanawa mikono. Mwisho wa kuleta ni kesho baada ya sala ya Ijumaa.

Shangazi Zuhura: Juzuu ni 30. Zilizochukuliwa 9.

Rama Dar: Shikamoo shangazi. Naomba ya 30

Shangazi Zuhura: Marahaba. Juzuu Amma imeombwa na watu sita. Miaka yote mlipelekwa chuoni mkaishia Amma? Chukua ya 5.

Rama Dar: Ya 5 😭

Ba'mdogo Saidi: Mpe ya 2, apambane na Baqara.

Mwanaidi: Mimi 29 na 22 shangazi

Shangazi Zuhura: Ahsante mwanangu. Wengine mpo? Naona tiki za buluu tu.

Shangazi Zuhura: Na ukumbi nimeshaongea nao. Wanataka nusu ya hela kabla ya Jumatatu. Viti, spika, kila kitu kimo.

Rama Dar: Pilau limo?

Shangazi Zuhura: Rama.

*IJUMAA*

Shangazi Zuhura: Ijumaa kareem. Kumbukumbu zilizoingia: hakuna.

Ba'mkubwa Hamisi: Andikeni hii. Novemba 1978, siku Mwalimu alipoongea na taifa kuhusu Amin. Betri za redio zilikuwa zimekufa na madukani hakuna. Mzee alizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, za kwetu na za kuokoteza kwa majirani. Akapasua mwanzi, akazipanga nane ndani yake, kichwa kwa mkia, akafunga kwa mpira wa tyubu, akavuta nyaya mbili mpaka kwenye redio. Waya wa eriali akaupandisha juu ya mnazi. Kibaraza kilijaa mpaka barabarani. Mwalimu alisikika mpaka neno la mwisho, redio ikazima. Mtu akamwambia Fundi una bahati. Akasema bahati gani, nilizihesabu.

Mwanaidi: Maashaallah ba'mkubwa. Hii inaenda kama ilivyo

Rama Dar: Betri nane mbovu, Babu alikuwa ameshapiga hesabu kabla Mwalimu hajapanda jukwaani 👏

Shangazi Zuhura: Umeona Kaka Hamisi alivyo? Mkubwa ndiye wa kwanza. Nyie wengine mnasubiri nini?

Ba'mdogo Saidi: Mimi yangu ni ya sabuni.

Shangazi Zuhura: Saidi hiyo haisomwi mbele ya masheikh.

Ba'mdogo Saidi: Itasomwa. Mimi ndiye niliyelipa gharama.

Rama Dar: Semaaa

Ba'mdogo Saidi: 1983, msako wa wahujumu uchumi. Watu wanamwaga mali usiku. Jirani yetu wa ukuta, yule mwenye duka, alikuwa na masanduku mawili ya sabuni ya miche chini ya kitanda. Si mhujumu wa kutisha, alinunua tu akaogopa. Saa nne usiku kaja kwa Baba anatetemeka, anataka kwenda kuyatupa baharini. Baba akamwambia ukikutwa njiani umebeba sabuni ndiyo umeisha. Akanyamaza kidogo. Kisha akamuuliza, una mtoto wa kutahiriwa? Hana. Baba akasema basi ninaye mimi.

Rama Dar: 😂😂😂😂 hapana

Ba'mdogo Saidi: Nilikuwa na miaka sita. Tohara yangu ilikuwa ya Desemba. Alfajiri ngariba yupo mlangoni. Kufika adhuhuri kila nyumba ya mtaa imepata mche mmoja, shukrani ya kuja kumpongeza mtoto. Masanduku yakachanwa yakawa kuni za pilau. Waliokuja kukagua baada ya siku mbili walikuta jirani hana kitu na mimi nimekaa nimevaa shuka.

Mwanaidi: Nimecheka mpaka mtoto kaamka

Rama Dar: Ba'mdogo wewe ni shujaa wa taifa. Ulimwaga damu kwa ajili ya sabuni

Shangazi Zuhura: Na ule mtaa ulikuwa haujaona sabuni miezi. Mama alifua nguo za wajane wawili siku ile ile. Hilo mbona hulisemi?

Ba'mdogo Saidi: Sikuwa na hali ya kuangalia nguo Dada.

Rama Dar: Kwa hiyo jirani alikulipa nini baadaye?

Ba'mdogo Saidi: Peremende.

Shangazi Zuhura: Haya. UKUMBI. Nusu ya hela Jumatatu. Nani ametuma?

Shangazi Zuhura: Nani ametuma?

*JUMAMOSI*

Mwanaidi: Shangazi, nimepata kitu kwenye kasha la zana. Daftari la Babu la madeni [picha]

Mwanaidi: Nawasomea:
Twiga wa Bandari – tairi la nyuma – 700
Subira Heri – spoku nne – 120
Mchumba wa Zamani (si wangu) – breki – 300
Kocha – spika ya redio – bure, jana kafungwa na Kimanumanu

Rama Dar: Kimanumanu si African Sports? Basi Kocha lazima ni mtu wa Coastal Union 😂

Ba'mdogo Saidi: Waliochukua ubingwa 1988 ni akina nani? Ongea kwa adabu ukimtaja mgosi wa Tanga.

Rama Dar: 1988 ba'mdogo. Mimi sijazaliwa

Mwanaidi: Kwani kwa nini hakuandika majina?

Shangazi Zuhura: Kwa sababu ya mama yetu. Bibi yenu alikuwa anakwenda kudai mlango kwa mlango, na kanga kajifunga kiunoni. Baba akaona watu wataona haya kuleta baiskeli zao, akaanza kuandika majina ya kubuni. Mama akizunguka barabara ya 6 mpaka ya 14 anauliza Twiga wa Bandari anakaa wapi. Anajibiwa mrefu yupi, bandarini wote wanaonekana warefu wakiwa juu ya meli.

Mwanaidi: Na kumbe walilipa. Mengi yana mstari. Yasiyo na mstari ni machache, na moja ni kubwa: "Bwana Kesho – Phoenix nyeusi, nzima – 1996"

Rama Dar: Baiskeli nzima!!! Bwana Kesho jitokeze

Ba'mdogo Saidi: Huyo sote tunamjua.

Shangazi Zuhura: Saidi.

Ba'mdogo Saidi: Nimesema nini? Phoenix ilikwenda Muheza na machungwa. Machungwa yaliuzwa. Baiskeli mpaka leo.

Ba'mkubwa Hamisi: Saidi unanitaja mimi mbele ya watoto?

Ba'mdogo Saidi: Sijataja jina. Hata Baba hakutaja.

Ba'mkubwa Hamisi: Mwaka jana nani alilala chini sakafuni wodini wiki tatu? Wewe ulikuja na suruali imenyooshwa, ukapiga picha na Mzee, ukapanda basi la saa nane.

Ba'mdogo Saidi: Na dawa zililipwa na nani kaka? Suruali?

Rama Dar: Jamani tupunguze, hata Twiga wa Bandari anasoma huku

Ba'mkubwa Hamisi: Wewe Rama nyamaza.

*Ba'mkubwa Hamisi ameondoka*

Shangazi Zuhura: Mmefurahi sasa? Saidi mpigie kaka yako.

Ba'mdogo Saidi: Hapokei.

Shangazi Zuhura: Mpigie tena. Mwanaidi na wewe, daftari la marehemu unaliweka kikundini kama tangazo la kiwanja?

Mwanaidi: Nisamehe shangazi. Nilidhani ni la kuchekesha

*JUMAPILI*

*Shangazi Zuhura amemwongeza Ba'mkubwa Hamisi*

Shangazi Zuhura: Bibi Mize amesikia. Msiniulize kasikia kwa nani. Mwanaidi yupo kwake.

Mwanaidi: Bibi anasema hataki sauti yake izagae kwenye simu za watu, niandike anavyotamka. Naandika.

Mwanaidi: "Mimi Mize, Fundi ni kaka yangu tumbo moja. Yale majina aliyaficha makusudi miaka yote, mkewe hakuyajua, mimi dadake sikuyajua. Nyie hajatimiza mwaka kaburini mnayafukua mcheke. Daftari niletewe leo kabla ya magharibi. Na ukumbi sitaki. Kaka yangu alikaa kibarazani miaka yote, watu wakamjia kibarazani. Hitma itasomwa pale pale. Asiyetosha kwenye jamvi akae barabarani kama ile siku ya redio."

Rama Dar: Shikamoo Bibi

Ba'mdogo Saidi: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Nasra Maskati: Shikamoo Bibi

Mwanaidi: Anasema marahaba. Anauliza Hamisi yumo?

Ba'mkubwa Hamisi: Nimo Bibi. Shikamoo.

Mwanaidi: Anasema: "Hamisi na Saidi mje wote wawili Jumamosi, mapema, mlale hapa. Mtatandika majamvi pamoja. Mengine nitayasema mkiwa mmekaa."

Mwanaidi: Ba'mkubwa, ba'mdogo, anasubiri mjibu

Ba'mkubwa Hamisi: Inshaallah.

Ba'mdogo Saidi: Jumamosi nina kazi mpaka mchana. Nitaangalia basi.

Mwanaidi: Anasema "ataangalia basi, au atapanda?"

Ba'mdogo Saidi: Nitapanda Bibi.

Rama Dar: Na ile ya sabuni je inasomwa au haisomwi? Naulizia kwa niaba ya umma

Mwanaidi: Bibi kacheka. Anasema isomwe, ila jirani asitajwe, wajukuu zake watakuja kula

Shangazi Zuhura: Sawa. Bibi amesema kibarazani, kibarazani. Lakini waliotuma hela ya ukumbi ni wawili, na ya mmoja nimeshawalipa wa ukumbi, sijui kama watarudisha. Na nje tutahitaji turubai, mvua za siku hizi hazina adabu. Nani ana turubai?

Ba'mkubwa Hamisi: Lipo la kuanikia mahindi huku kwangu. Lina tundu.

Rama Dar: Tundu likae upande wa waliochukua Juzuu Amma

Shangazi Zuhura: Mchele tuna kilo 25, zinatakiwa 40. Mbuzi mmoja ameahidiwa, sisemi na nani mpaka nimwone kafungwa uani. Juzuu bado 11: ya 3, 4, 7, 8, 10, 12, 13, 17, 19, 24, 26.

Ba'mdogo Saidi: Niwekee ya 7 na ya 8.

Shangazi Zuhura: Ya 3 na 4 nampa Kaka Hamisi, atake asitake.

Ba'mkubwa Hamisi: 👍

Shangazi Zuhura: Zilizobaki?

Shangazi Zuhura: Jamani watu wote hawa, juzuu saba?

Nasra Maskati: Samahanini wapendwa, nilikuwa zamu wiki nzima ndiyo naanza kusoma kutoka juu. Shangazi ni Jumapili hii au ile? Nataka kutuma riyali kesho asubuhi. Na juzuu ya 30 imebaki?

Shangazi Zuhura: Nasra pokea simu.